Louis Leakey na Viumbe wa Miamba ya Nyanza Kusini

Utangulizi

Jina la Louis Seymour Bazett Leakey hutajwa aghalabu sambamba na Bonde la Olduvai na mafuvu ya watu wa kale. Wanafunzi wa historia hulikariri tangu shule za msingi, na jumba la makumbusho jijini Nairobi lina alama nyingi za kazi yake. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kwamba sifa ya mtaalamu huyu ilivunjika, kisha ikajengwa upya, mbali na Olduvai, katika makorongo ya ufuko wa Ziwa Viktoria yaliyomo leo katika Kaunti ya Homa Bay. Wachache zaidi wanafahamu kwamba katika ujenzi huo mpya viumbe wanyonge kama konokono, kiwavi, chungu na kinyonga, pamoja na mamba aliyegeuka jiwe, walikuwa na nafasi yao.

Makala haya yanaangalia maisha ya Leakey kwa kuelekeza macho katika ufuko huo na katika eneo jirani la Karungu, ambalo sasa limo katika Kaunti ya Migori. Ndiko vipawa na udhaifu wake vilikopimwa kwa ukali zaidi. Aidha, ndiko yanakopatikana majina ya Waafrika ambao bila wao kazi yake isingekuwapo.

Malezi na Elimu

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa wamisionari wa Kianglikana, Harry na Mary Leakey. Alilelewa miongoni mwa watoto wa Kigikuyu, akazungumza lugha yao kama wao, akajifunza kutega wanyama na kunyemelea ndege. Alipofika umri wa kuingia jandoni alipitishwa katika taratibu za rika lake, akapewa jina la Kigikuyu lenye maana ya mwana wa mwewe. Kwa hakika, stadi ya kwanza aliyoipata si ya darasani. Ilikuwa stadi ya kutazama ardhi na kusoma alama zilizoachwa na kiumbe aliyepita.

Mtu aliyeielekeza stadi hiyo upande wa sayansi alikuwa Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa makumbusho changa ya viumbe. Loveridge alikuwa bingwa wa wanyama watambaao, na baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako aliandika kwa wingi kuhusu nyoka, mijusi na vyura wa Afrika Mashariki. Ni yeye aliyemfundisha kijana Leakey namna ya kuainisha viumbe na kutunza vielelezo. Ni yeye pia aliyemthibitishia kwamba vipande vya mawe meusi yang'aayo, alivyokuwa akiviokota Kabete, vilikuwa zana zilizochongwa na binadamu wa kale.

Mwaka 1922 Leakey alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko aliruhusiwa kutahiniwa kwa Kigikuyu kuwa mojawapo ya lugha za kisasa, jambo lisilo la kawaida kwa lugha ya Kiafrika katika chuo hicho zama hizo. Mwaka 1923 aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akashauriwa apumzike masomo. Mapumziko yenyewe yakawa msafara. Mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, pamoja na William Cutler, kuchimba mifupa ya dinosaria, watambaazi wakubwa wa kale, kwa niaba ya makumbusho ya London. Katika kambi hiyo alijifunza kuongoza wafanyakazi, kuchimbua mfupa bila kuuvunja, na kuufunga kwa ajili ya safari ndefu. Cutler alibaki Tendaguru, akafariki mwaka 1925. Leakey alirejea Cambridge, akahitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1926, na mwaka huo huo akaanza kuongoza misafara yake mwenyewe nchini Kenya.

Ardhi Iliyozikwa na Majivu

Ili kuelewa kilichomvuta Leakey kwenye ufuko wa Nyanza, yafaa kwanza kuifahamu ardhi yenyewe. Yapata miaka milioni 18 iliyopita, katika enzi iitwayo Miosini, palikuwapo hapo volkano kubwa inayojulikana kwa wataalamu kama Kisingiri. Milima ya Gwasi na Gembe ni mabaki yake. Volkano hiyo ilitema majivu tena na tena juu ya misitu, vijito na wanyama waliokuwa pande zake zote. Majivu hayo yalikuwa na chumvichumvi za chokaa ambazo ziliugeuza mwili wa kiumbe kuwa jiwe kabla haujaoza. Hivyo basi, visiwa vya Rusinga na Mfangano upande mmoja, na Karungu upande mwingine, vikabaki kuwa ghala za visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe.

Karungu ndiko ghala hilo lilikofunguliwa kwanza. Mwaka 1909 mtafuta madini aliyeitwa Chesnaye aliona mifupa ikichomoza katika makorongo ya huko, na habari zikafika London. Ofisa wa utawala wa kikoloni, D. B. Pigott, alikusanya baadhi ya mifupa hiyo, lakini baadaye aliuawa na mamba ziwani. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa na makumbusho ya London. Alipiga kambi Karungu katika nchi iliyokuwa bado na hofu ya malale, ugonjwa ulioenezwa na mbung'o na uliokuwa umeangamiza watu wengi kandokando ya ziwa katika mwongo uliotangulia. Oswald alirejea na mifupa ya wanyama wakubwa, magamba ya kobe wa nchi kavu na wa majini, na makombe ya konokono ambayo yalichunguzwa na kuchapishiwa makala mwaka 1914.

Historia ina kejeli zake. Mamba wa kale aliyepatikana katika miamba ya enzi hiyo alipewa mwaka 1978 jina la kisayansi linalomkumbuka Pigott, na tangu mwaka 2013 anaitwa Brochuchus pigotti. Ofisa aliyemalizwa na mamba hai amehifadhiwa katika jina la mamba aliyekufa mamilioni ya miaka kabla yake.

Kanam: Jiwe Lisilo na Mahali

Leakey alifika kwenye rasi ya Homa mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 28, baada ya msafara wake wa kwanza Olduvai. Kambi yake ilihudumia sehemu mbili zilizo jirani, Kanam na Kanjera. Utafutaji wa visukuku katika sehemu kama hizo haukuhitaji mitambo. Mvua zilimomonyoa kuta za makorongo, nao watafutaji walitembea polepole wakiwa wameinama, macho yakipekua changarawe kutafuta kipande chenye rangi au umbo lisilolingana na mawe mengine.

Tarehe 29 Machi 1932, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa Kiafrika katika msafara huo, alipata Kanam Magharibi kipande cha taya lenye meno, likiwa limekwama katika bonge la mwamba. Lilikuwa taya la binadamu. Kwa kuwa mahali hapo palitoa pia mifupa ya wanyama waliotoweka zamani sana, Leakey alishawishika kwamba amepata babu wa kweli wa mwanadamu wa leo, mwenye umri kupita wote waliojulikana. Wakati huo huo, vipande vya mafuvu vilipatikana Kanjera. Mnamo Machi 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakavichunguza vielelezo na kuyakubali kwa jumla maelezo yake. Leakey aliliita taya lile Homo kanamensis. Alikuwa hajatimiza miaka 30, na tayari jina lake lilikuwa likitajwa katika magazeti.

Mwanajiolojia Percy Boswell wa London hakuridhika. Mnamo Januari 1935 alifika Kenya, akaandamana na Leakey hadi Kanam kukagua mahali penyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vigingi vya chuma vilivyopigwa ardhini kuwa alama havikuonekana. Inasimuliwa kwamba wenyeji walikuwa wameving'oa na kuvitumia katika kazi za uvuvi, kwani chuma kilikuwa na thamani kubwa kwao kuliko alama isiyowahusu. Mvua za miaka mitatu zilikuwa zimebadilisha sura ya makorongo. Ramani ya kutosha haikuwapo. Baya zaidi, picha iliyokuwa imeonyeshwa Uingereza kuwa ya mahali pa ugunduzi ilithibitika kuwa ya korongo lingine kabisa. Leakey hakuweza kumwonyesha mgeni wake, kwa uhakika wa hatua chache, mahali Juma Gitau alipoliinua taya.

Boswell alirudi Uingereza, na mnamo Machi 1935 alichapisha katika jarida la Nature taarifa iliyovunja hoja yote. Hakudai kwamba Leakey alidanganya. Alionyesha tu kwamba umri wa kisukuku hutokana na tabaka kilimolala, na tabaka lisipothibitishwa, mfupa haushuhudii chochote. Pigo hilo lilikuja wakati ndoa ya kwanza ya Leakey ilikuwa ikisambaratika, na matumaini yake ya kupata nafasi ya kudumu Cambridge yakafifia. Uchunguzi wa miaka iliyofuata haukumtetea. Kidevu kilichomvutia Leakey kilitambuliwa kuwa kilikuwa na uvimbe wa ugonjwa, na wataalamu wengi wakakubaliana kwamba taya la Kanam na mafuvu ya Kanjera ni ya watu wa karibuni zaidi kuliko alivyodhani.

Mtu anaweza kuuliza iwapo Leakey alionewa. Jibu la haki lina pande mbili. Alama zilikuwapo na ziliondolewa na watu wengine, na mvua haina mwenyewe wa kuilaumu. Lakini alikwenda Kanam bila mwanajiolojia, akapima pungufu, kisha akatangaza kwa sauti kubwa. Tamaa ya kumpata mtu wa kwanza ilimfanya aharakishe yale yaliyohitaji utulivu.

Rusinga: Mamba na Fuvu

Baada ya 1935 Leakey aliendelea na kazi kwa njia ya mzunguko. Alimwoa Mary Nicol mwaka 1936, mchoraji na mwanaakiolojia ambaye umakini wake katika kupima na kurekodi ulikuja kuwa nguzo ya kazi yao. Kati ya 1937 na 1939 alikusanya maelezo ya kina kuhusu mila na desturi za Wagikuyu, kazi iliyochapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1977, katika juzuu tatu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliitumikia idara ya upelelezi ya serikali ya kikoloni, huku akishika usimamizi wa Makumbusho ya Coryndon jijini Nairobi. Mwaka 1942, katika likizo fupi kisiwani Rusinga, alipata taya karibu kamili la Proconsul, sokwe wa kale wa enzi ya Miosini.

Kuanzia 1947 misafara ya Rusinga ikawa ya kila mwaka. Watafiti walivuka ziwa kwa boti, wakapiga kambi ufukoni, wakawa na wenyeji wa kisiwa, Wasuba na Waluo, majirani wao wa kila siku. Msafara haukutafuta sokwe peke yake. Kila kilichogeuka jiwe kiliokotwa: mbegu na matunda, meno ya panya, magamba ya kobe, mifupa ya mijusi, konokono na wadudu.

Tarehe 2 Oktoba 1948 Leakey alikuwa ameinama juu ya mabaki ya mamba wa kale, akiyachimbua kwa uangalifu. Mary hakuwa na hamu ya mamba, awe hai au kisukuku. Alimwacha mumewe na kazi yake, akaenda kutembea kandokando ya mteremko. Hapo akaona vipande vya mifupa vimetawanyika, na jino likichungulia kutoka kwenye mwamba. Alimwita Louis, naye akauacha mfupa wa mamba na kuja mbio. Vumbi la mahali hapo likachekechwa, vipande vikakusanywa kimoja baada ya kingine na kuunganishwa, hadi ukatokea uso wa Proconsul, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kabla ya siku hiyo. Mwishoni mwa mwezi huo Mary alisafiri kwa ndege hadi Uingereza, fuvu likiwa mikononi mwake. Magazeti yalimlaki, na Profesa Le Gros Clark wa Oxford akaanza kulichunguza.

Tofauti kati ya Kanam na Rusinga si ya bahati tu. Mwaka 1948 mahali pa ugunduzi palijulikana, na viumbe wengine waliozikwa katika miamba ile ile walikuwa wakikusanywa na kuorodheshwa. Fuvu lilizungukwa na mashahidi.

Ushahidi wa Wadogo

Mashahidi hao wanastahili kutajwa. Mwaka 1952 Leakey alichapisha katika Nature, jarida lile lile lililobeba taarifa ya Boswell, makala kuhusu viumbe wasio na uti wa mgongo waliopatikana katika miamba ya Miosini ya Kenya. Baadhi yao walihifadhika kwa namna ya ajabu, si magamba peke yake bali hata sehemu laini za mwili, mambo ambayo kwa kawaida huoza katika siku chache. Kiwavi, kwa mfano, hana mfupa hata mmoja, lakini majivu ya Kisingiri yalimfinyangia sura yake katika jiwe.

Konokono wa Rusinga walichunguzwa na Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea na konokono aliyefanya kazi Nairobi, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1963. Thamani ya konokono ni kwamba hahami mbali. Kila aina ina mazingira yake, wapo wanaohitaji unyevu wa msitu na wapo wanaostahimili vichaka vikavu. Kwa hiyo anayetaka kujua iwapo sokwe fulani aliishi msituni au uwandani, hana budi kumuuliza konokono aliyelala karibu naye.

Kutoka Mfangano likaja jambo la kustaajabisha zaidi. Leakey na wenzake walikuwa wamekusanya mamia ya vipande vya chungu waliogeuka mawe. Mwaka 1964 Edward Wilson na Robert Taylor walionyesha kwamba vipande hivyo vilitokana na koloni moja, wakiwamo wafanyakazi wakubwa na wadogo pamoja na watoto ambao hawajakomaa. Ni jamaa wa majimoto, wale chungu wakali wanaoshona majani ya miti kuwa viota na ambao bado wanapatikana Afrika Mashariki. Wataalamu hao waliwaita Oecophylla leakeyi. Kwa ugunduzi huo ilibainika kwamba mgawanyo wa kazi tunaouona leo katika kiota cha majimoto ulikuwapo mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kutokea.

Watambaazi nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2020 fuvu la kinyonga kutoka Rusinga lilitambuliwa kuwa la jenasi ya Calumma, ambayo vinyonga wake hai wanapatikana Madagaska. Fuvu hilo moja dogo limetia nguvu hoja kwamba mababu wa vinyonga hao walitoka bara la Afrika na kuvuka bahari.

Miaka ya Mwisho

Umaarufu mkubwa zaidi ulimjia Leakey kutoka Olduvai, Mary alipopata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, na Homo habilis alipotangazwa mwaka 1964. Katika makumbusho ya Nairobi alianzisha bustani ya nyoka, ambako umma uliweza kuwatazama watambaazi hai bila woga, kana kwamba anamlipa Loveridge deni la ujanani. Alikuwa pia mtu wa migongano. Mwaka 1952 alikubali kuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria, na upande wa utetezi ulipopinga uadilifu wa ukalimani wake alijiondoa. Kwa Wakenya wengi kumbukumbu hiyo haikufutika kwa urahisi. Haraka ya kutangaza haikumwacha pia, na baadhi ya madai yake ya uzeeni yalikataliwa hata na Mary. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Majina na Haki

Kwa msomi wa lugha, urithi wa Nyanza Kusini una funzo jingine katika majina. Waliookota na waliochimba walikuwa kwa wingi Waafrika, ilhali vitabu vya zamani viliwataja kwa ufupi au havikuwataja. Juma Gitau anajulikana kwa siku moja ya Machi 1932. Heselon Mukiri, aliyekuwa bega kwa bega na Leakey tangu misafara ya mwanzo na ambaye jicho lake liliona visukuku vingi vya Rusinga, alisubiri zaidi. Mwaka 1993 spishi inayowakilishwa na fuvu la 1948 iliitwa Proconsul heseloni kwa heshima yake. Mwaka 2015 wataalamu waliitenga na jenasi ya Proconsul, wakaipa jina la Ekembo, neno la Kisuba linalomaanisha sokwe. Hivyo kiumbe aliyesafiri kwenda Uingereza akiwa na jina la kigeni sasa anabeba jina la mchimbaji wa Kigikuyu na neno la lugha ya watu wa kisiwa alikofukuliwa, lugha ambayo wasemaji wake wamepungua sana kwa kuhamia Kijaluo.

Hitimisho

Rasi ya Homa haikumnyima Leakey haki yake moja kwa moja. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba huko Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo, wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa zana hizo. Ni miongoni mwa zana kongwe zaidi za aina yake duniani. Leakey alikuwa sahihi kwamba ufuko ule una habari za kale za ukoo wa binadamu, ingawa alikosea kuhusu taya alilolishika mkononi.

Watafiti wa Nyayanga walifikia umri huo kwa kupima tabaka, kusoma sumaku ya miamba, na kulinganisha wanyama waliozikwa pamoja na zana. Hizo ndizo hatua ambazo Boswell alizitafuta Kanam mwaka 1935 na kuzikosa, na ndizo zinazoendelea kudaiwa kwa kila anayeinama leo katika makorongo ya Karungu, Kanjera na Rusinga.